Mseja wa Sheria Afika Lubumbashi

Nilipovua joho mara ya mwisho, mawakili vijana wa ofisi yetu waliniomba niwaandikie jinsi mtu aliyesomea sheria nchi nyingine anavyopata kazi ya uwakili hapa Lubumbashi. Nadhani walitarajia siri. Siri haipo. Kuna foleni, kuna Kifaransa, na kuna watu. Naanza na foleni kwa sababu ndiyo iliyonipokea.

Baba yangu alizaliwa Kabalo, kaskazini mwa Katanga, mtoto wa mfanyakazi wa reli, naye akafanya kazi relini mpaka vurugu zilipomvusha Ziwa Tanganyika. Mimi nilikulia Kigoma, nikasomea sheria Dar es Salaam, nikarudi Kigoma kuwa wakili. Ofisi yangu ilikuwa na dirisha moja na wateja waliopenda kusimama mlangoni, ili waone kama jamaa waliyekuja kumshtaki anapita. Baba alipozeeka alisema anataka kurudi Katanga. Dada yake, shangazi Philomène, alikuwa na nyumba Makomeno, hapa Lubumbashi. Sikuwa na mume wala mtoto, na ndugu zangu walikubaliana upesi mno kwamba mimi ndiye wa kumsindikiza mzee. Kigoma nilikuwa Adela. Shangazi aliniita Adèle nikiwa bado nashusha mizigo, na jambo hilo likaisha bila mjadala.

Utaifa haukuwa shida. Karatasi za baba zilikuwa safi. Shida ilikuwa kichwa changu. Kilijaa sheria za Waingereza, na hapa walitawala Wabelgiji. Nilikuwa kama fundi mwenye spana nzuri zisizoingia kwenye nati hata moja.

Ofisi ya kwanza iliniambia shahada yangu itafsiriwe kwa Kifaransa. Nilimpata mtafsiri aliyekuwa na muhuri mkubwa kuliko meza yake. Sasa, neno ambalo Waingereza wanalitumia kwa shahada ya kwanza ni lile lile wanalolitumia kwa mwanamume ambaye hajaoa. Mtafsiri alichagua maana aliyoijua. Karani aliisoma karatasi yangu kwa utulivu, akaniangalia.

"Mama," alisema, "hapa banaandika uko mseja wa sheria. Sisi tunaomba diplôme. Mambo ya ndoa iko guichet ingine."

Alinionyesha dirisha la pili kwa kidole. Hakucheka, nami sikucheka. Nilitafuta mtafsiri mwingine.

Baada ya barua kwenda Kinshasa na kurudi, na nyingine kwenda bila kurudi, niliambiwa kwamba masomo yangu yanatambuliwa kwa sehemu. Sehemu nyingine ilibidi niisome upya chuo kikuu hapa Lubumbashi, pamoja na vijana walioniita Mama na kunipisha kwenye kiti cha mbele, mahali ambapo mwalimu anamwona kila anayesinzia. Kifaransa changu kilikuwa cha kusalimia na kuomba msamaha. Katika mtihani wa kwanza wa mdomo niliulizwa kuhusu mkataba wa mauzo, nikajibu kwa kueleza hukumu ya jaji mmoja wa zamani wa Uingereza, jina lake, na sababu zake zote. Profesa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyo jaji alikuwa mtu mwenye akili. Lakini mimi nilikuuliza sheria." Nilirudia mtihani.

Kwa wale watakaofuata njia hii: tofauti yenyewe ni hiyo. Kule nilikotoka, wakili anatafuta kesi inayofanana na yake. Hapa anatafuta kifungu. Ukishakubali hilo, kilichobaki ni kukariri. Ila kukubali ndiko kunakochukua muda.

Miaka ile nilikula kwa kutafsiri. Madereva wa malori kutoka Tanzania na Zambia walikuwa wanaingia kwa wingi, na walikuwa wakikamatwa kwa mambo waliyoyafanya na mengine ambayo hawakuyafanya. Polisi waliniita niwaeleze yanayosemwa. Huko ndiko Maître Kalenga alikonisikia. Alikuwa wakili mzee, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa amekaa kwenye benchi ya kituo cha polisi akimngoja mteja wake. Nilipomaliza kuzungumza na dereva wangu, aliniita.

"Unasema Kiswahili ya mu Biblia," alisema. "Ulisomea nini?"

Nilimweleza. Alifuta miwani.

"Ukimaliza masomo, kuya ku cabinet yangu. Niko na bateja benye kusema kama wewe, na mimi naona tu mudomo yabo inatembea."

Ndivyo nilivyoitwa kwenye ofisi yake, nikapata mafunzo ya kazi. Nilikuwa nimepeleka barua katika ofisi nyingi za mawakili, zenye nakala zilizogongwa muhuri. Kazi ikatoka kwenye benchi.

Siku ya kwanza alinipa meza iliyotazama ukuta na kitabu cha sheria kilichofunikwa kwa kipande cha kitenge, maana jalada lake lilikuwa limekwisha. Nilimwandikia hoja za kesi ya mpaka wa kiwanja, kurasa nyingi, kwa bidii. Alichora mstari kwenye ukurasa wa kwanza, akafungua wa mwisho, akachora mwingine. "Kifungu," alisema. "Kisha mambo yenye yalipita. Kisha unanyamaza." Ilinichukua muda mrefu kujifunza sehemu ya tatu.

Alinifundisha na mambo ambayo hayamo kitabuni. Chapisha karatasi zako asubuhi, kwa sababu umeme hauna ratiba ya mahakama. Wakati wa kiangazi beba joho ndani ya mfuko uliofungwa, la sivyo utatetea watu ukiwa na rangi ya barabara. Msalimie karani kabla ya kumwomba faili, na umsalimie hata siku ambayo huna cha kuomba. Joho langu la kwanza la hapa nililinunua kwa mjane wa wakili mmoja aliyekuwa mrefu sana. Nililikunja na kulishona, lakini upindo ulifumuka mara kwa mara, na mpaka leo kuna watu wanaoamini kwamba mwendo wangu wa polepole mahakamani ulitokana na heshima.

Sasa niwaeleze kesi iliyonifanya wakili, kwa maana kiapo cha uwakili peke yake hakikutosha.

Hamisi alikuwa dereva kutoka Mbeya. Alikuwa amepeleka saruji Kasenga, na alikuwa anarudi Lubumbashi na magunia ya samaki wakavu. Pale Kasomeno alichukua abiria, wakapanda juu ya magunia, kama wanavyofanya wote kwenye barabara ile. Mmoja wao alikuwa mzee aliyeitwa Papa Kunda. Walipoingia mjini abiria wengine walishuka. Mzee hakushuka. Hamisi alipanda kumwamsha, akamkuta ameegemea gunia, kofia yake magotini, amekufa. Abiria wengine walikuwa wameshapotea kwenye pikipiki za kukodi. Hamisi aliendesha lori moja kwa moja mpaka polisi na kueleza yaliyotokea. Ukweli ni kitu kizuri, lakini ni vyema uende nao ukiwa na wakili.

Nilimkuta gerezani, amekonda, bado amefunga vifungo vyote vya shati.

"Mama Wakili," aliniambia, "mimi nilisema kila kitu. Inspekta alinishukuru. Halafu wakanifunga."

"Ulisema nini hasa?"

"Nilisema yule mzee alifia juu ya gari langu. Akaniuliza tena, nikarudia. Alifia juu ya gari langu. Nimekosea wapi?"

Nilikuwa na maelezo yake mkononi, yakiwa yameandikwa kwa Kifaransa na kutiwa sahihi. Yalisema kwamba mshtakiwa anakiri kuwa marehemu alikufa kwa sababu ya gari lake.

Ninyi mliozaliwa hapa mmeshaelewa. Kwa Hamisi, na kwangu nilipofika, juu ni kule kuliko na ndege. Hapa Lubumbashi mtu akikuuliza juu ya nini, anataka sababu. Kuliko na ndege ni yulu. Kila alipoulizwa, Hamisi alikuwa anataja mahali, na inspekta alikuwa anaandika kosa. Wote wawili walisema kweli, na wote wawili walisema Kiswahili.

Nilirudi ofisini karibu nikikimbia. Maître Kalenga alinisikiliza, akatikisa kichwa taratibu.

"Ni muzuri," alisema. "Sasa tuseme hakukiri. Lakini muzee alikufa. Alikufa na nini? Jaji ataniuliza ile, na mimi nitamujibu na kamusi?"

Hapo nilikaa chini. Marehemu alikuwa amezikwa upesi, bila daktari kumwona. Hamisi alikuwa amebeba watu juu ya mizigo, jambo lisiloruhusiwa, na mtu mmoja alikuwa amekufa hapo. Kama hakuna sababu nyingine ya kifo, lori lingetosha.

Tulikwenda kwenye kilio, katika mtaa wa hapa mjini unaoitwa Kenya, nyumbani kwa binti wa marehemu. Aliitwa Georgette, fundi cherehani, mwanamke wa makamo mwenye macho makavu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya baba zake wakubwa na wadogo na mashangazi. Kila nilipomuuliza kitu, alijibu Papa Mwape, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuja kutoka Kasomeno.

"Camion njo iliua ndugu yetu," alisema, yaani lori ndilo lililoua. "Hakuna ingine."

"Alikuwa na ugonjwa wowote, Papa?"

"Camion njo iliua."

Georgette alitazama mikono yake. Tulikunywa chai, tukaaga.

Siku chache baadaye nilimfuata sokoni, kwenye kibanda chake cha kushonea. Alikuwa anatia kola kwenye shati la sare ya shule. Hakunizuia kukaa. Niliongea habari ya joho langu na upindo wake, naye akaliomba, akaligeuza, akaanza kulishona vizuri bila kuniuliza. Baadaye alisema, akiwa bado anatazama sindano:

"Papa alikuwa mugonjwa ya roho. Tangu zamani. Docteur wa Kasenga alimukataza kazi ya shamba."

Hapa roho ndiyo moyo. Nilinyamaza, kama nilivyofundishwa.

"Mimi njo nilimuita," aliendelea. "Nilimuambia ku téléphone, Papa, kuya Lubumbashi, nitakupeleka ku hôpital. Unaona? Kama camion haikumuua, ni mimi nilimuua. Ba papa banangojea tu nani ataanza kusema. Kifo haikose mwenyewe."

Nilielewa kwa nini macho yake yalikuwa makavu. Akilia, watasema anajifanya. Asipolia, watasema amefurahi. Alikuwa ameamua kutofanya lolote mpaka kifo kipewe mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alikuwa Hamisi.

"Ule dereva," aliuliza, "alimutendea Papa namna gani?"

Nilimweleza niliyoyasikia kwa Hamisi. Kwamba alimpa mzee nafasi mbele, karibu naye, na mzee akakataa kwa sababu harufu ya mafuta ilimbana kifua, alitaka hewa. Kwamba walipopumzika njiani Hamisi alipanda juu ya magunia kumpelekea chai, na mzee akamwombea baraka kwa Kibemba, ambayo Hamisi hakuielewa lakini aliitikia amina.

Georgette alikata uzi kwa meno, akanirudishia joho.

"Nitaona," alisema.

Nilimuuliza Maître Kalenga kama tunaweza kumlazimisha kuja kutoa ushahidi. Alisema inawezekana. "Lakini muntu wa kulazimisha atakuja kusema sijui. Na sijui haina rufaa." Kwa hiyo hatukumlazimisha. Nilikwenda gerezani kumwambia Hamisi kwamba tuna neno moja la Kiswahili na mwanamke mmoja ambaye huenda asije. Aliniuliza kama mawakili wa Lubumbashi wote wanafanya kazi hivyo. Nilimwambia mimi bado niko mafunzoni.

Siku ya kesi Maître Kalenga aliniachia nizungumze. Alisema koo linamuuma. Koo lake lilikuwa zima.

Inspekta alipoitwa, nilisimama na kuanza kumuuliza maswali mimi mwenyewe, moja baada ya lingine, kama nilivyozoea Kigoma. Rais wa mahakama, jaji anayeongoza kikao, aliniacha nifike swali la pili.

"Maître," alisema, "hapa maswali yanapita kwangu. Mimi pia nimekuja kufanya kazi."

Niliomba radhi. Kisha nikaomba, kupitia kwake, inspekta aulizwe: mtu akisema juu ya gari, anaelewa nini? Kesi ilikuwa inaendeshwa kwa Kifaransa, lakini hapo rais aliruhusu Kiswahili.

"Ni kusema gari njo sababu, Monsieur le Président."

"Na muntu mwenye kuikala ku mizigo," rais aliuliza, "uko unasema namna gani?"

"Eko pa yulu ya gari."

Rais alimgeukia Hamisi, akamwambia asiseme neno, aonyeshe tu kwa kidole mahali mzee alipofia. Hamisi alinyoosha kidole juu kabisa. Chumba chote kilitazama dari. Ilihitaji rangi.

Inspekta naye alitazama dari, kisha akamtazama Hamisi kwa muda. "Niliandika ile nilisikia," alisema kwa sauti ya chini. Sikuwa na la kumlaumu. Hata mimi, mwaka wangu wa kwanza hapa, ningekosea vivyo hivyo kinyume chake: ningesikia sababu, nikaandika mahali.

Mwendesha mashtaka alisimama na kuuliza kile Maître Kalenga alichosema kitaulizwa. Vizuri, hakukiri. Basi marehemu alikufa na nini? Hapo nyuma ya chumba mtu akasema, "Mimi najua."

Georgette alikuwa amesimama. Papa Mwape alikuwa ameshika kitenge chake kwa mkono mmoja, na binti alikivuta polepole mpaka kikamtoka mzee vidoleni. Alikuja mbele. Alieleza ugonjwa wa baba yake, daktari, simu aliyopiga, na neno alilomwambia: njoo. Alisema yote hayo mbele ya wazee wake, bila kuwatazama, kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo vya nguo. Rais alimuuliza kama anajua kwamba hakuna aliyemlazimisha.

"Najua," alisema. "Njo maana nimekuja."

Hukumu ilisomwa baadaye. Kwa kifo, Hamisi hakuwa na hatia. Kwa kubeba watu juu ya mizigo alipatikana na kosa, na muda aliokaa gerezani ukahesabiwa kuwa umetosha. Maître Kalenga alinipa mkono mlangoni mwa mahakama, akasema upindo wa joho langu umekaa vizuri siku hiyo. Ndiyo sifa pekee niliyopata kwake katika mafunzo yote.

Nilimshauri Hamisi aondoke na basi la kwanza. Nilimwambia pia, kwa bahati mbaya au nzuri, kwamba familia ya marehemu imeitisha kikao kwa Georgette, na kwamba Georgette ameniomba nikae karibu naye. Hamisi aliuliza kikao ni saa ngapi.

Tulikaa uani, kwenye viti vya plastiki. Papa Mwape alinitazama. "Wewe, Maître, uko nani ku hii famille?" Nilimjibu kwamba humo mimi si yeyote. Aliona jibu linafaa. Akaanza kusema habari ya watoto wanaowaita wazee wao mjini bila kuuliza familia, na kila mtu akatazama miguu ya Georgette. Hamisi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliomba ruhusa ya kusema. Walimpa kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kumnyima.

"Baba zangu," alisema, "mimi ndiye wa mwisho kuzungumza na marehemu. Nimeona si vizuri nirudi kwetu na maneno yake. Nilipompelekea chai nilimuuliza, mzee, mtu wa umri wako, mbona unasafiri peke yako? Akaniambia alimwomba kaka yake amsindikize, kaka akakataa. Akasema hana kinyongo. Akasema anakwenda kwa binti yake kwa sababu kule anajua atafunguliwa mlango. Ni hayo tu."

Hamisi hakujua majina ya watu waliokuwa uani. Aliyasema yale kwa heshima, akakaa.

Papa Mwape alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba ameandikiwa kitu.

"Ule ndugu ni mimi," alisema. "Nilikatala. Niliogopa akufie mu njia, basema ni mimi." Alivaa kofia tena. Kisha akasema, kwa sauti nyingine, "Georgette. Letea mugeni maji ya kunawa. Na bukari iko wapi? Tunamuangaria tu, muntu alitoka mbali."

Bukari ni ugali, na kwetu huku mtu aliyeua hapewi chakula. Wazee wote walisikia, na mmoja wao akasogeza kiti ili Hamisi apate nafasi kwenye meza. Georgette aliinuka, nami nikamfuata nyuma ya nyumba, kwenye bomba. Alijaza jagi mpaka likafurika, akabaki amelishika.

"Maître," aliniuliza, "sasa naweza kumulilia Papa?"

Nilimwambia nimesoma sheria za nchi mbili na sijaona kifungu kinachokataza. Akaweka jagi chini, akalia.